Gari zima limejaa matangazo, simu haziiti. Nimekosea wapi?

Spana 14
Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni fundi bomba. Nina vani moja nyeupe, ndiyo ofisi, ndiyo stoo, ndiyo kila kitu. Miezi minne iliyopita nikaamua na mimi nitangaze kazi. Nikaenda kwa watu wa stika, wakanichorea kwenye kompyuta, nikatazama kwenye kioo chao kikubwa nikasema hapa nimemaliza. Wakabandika gari zima, kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Siku za mwanzo nilikuwa naegesha mbali makusudi ili nitembee nikilitazama.

Hadi leo waliopiga kwa kuliona gari ni wawili. Mmoja alitaka kujua kama nauza samaki wa mapambo au natengeneza matangi yao tu. Wa pili alidhani naosha magari.

Niwaelezee lilivyo. Ubavuni kote kuna picha ya maji yanayoruka, mapovu, bluu nzito inayofifia kuwa bluu ya mbingu. Juu yake jina la biashara kwa mwandiko wa kuunganisha, nyekundu yenye kivuli cheusi. Chini yake orodha ya huduma 11, namba 3 za simu, barua pepe, kurasa 2 za mitandao, msimbo wa QR na maneno "Ubora ndio utambulisho wetu". Nyuma kuna logo peke yake, imekaa katikati ya mlango.

Pesa niliyotoa inaniuma. Tatizo ni dizaini, ni mimi, au matangazo ya gari ni stori tu?

Napita Tu
Samaki wa mapambo! Navuta kiti.

Kalamu ya Wino
Pole mkuu. Kuchora ndiyo kazi yangu kwa hiyo nitakuwa mkali kidogo, usinichukie. Swali moja kwanza: jina la biashara lina neno bomba, maji au fundi ndani yake?

Spana 14
Hapana. Ni jina la binti yangu wa kwanza.

Kalamu ya Wino
Basi gari lako lina jina la binti na picha ya mapovu. Yule wa samaki hakukosea, alisoma kilichoandikwa.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Mtu aliye kando ya barabara akikuona kwa umbali wa mita 50, ana sekunde 3, na muda huo wote alikuwa na shughuli zake, hakuwa anakusubiri wewe. Orodha ya huduma 11 hakuna aliyewahi kuimaliza. Labda wa kwenye foleni nyuma yako angeweza, lakini huko nyuma hukuweka kitu.

Kinachotakiwa kumfikia kwanza ni unafanya nini. FUNDI BOMBA. Maneno mawili, makubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye gari, makubwa kuliko jina la binti (atakuelewa akikua). Kampuni kubwa zinaweza kubandika logo tupu kwa sababu zimeshatumia miaka na mamilioni kukufundisha logo ile ni ya nani. Wewe hujafika huko. Baada ya hapo namba ya simu, moja. Jina la biashara likae hapo karibu, dogo dogo, ili mtu akisimuliwa na jirani akumbuke aliliona wapi.

Halafu rangi. Nyekundu juu ya bluu nzito ni ugonjwa. Kwenye kioo cha kompyuta, ukiwa umekaa nusu mita, zinaonekana kama zinapigana na unadhani huo ndio mvuto. Ukisogea nyuma zinakuwa kitu kimoja, kwa sababu weusi na weupe wake unakaribiana. Kinachomsaidia mtu kusoma kwa mbali ni tofauti ya giza na mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake. Aina ya rangi inakuja baadaye. Nyeusi juu ya njano inasomeka, bluu nzito juu ya nyeupe inasomeka. Njano juu ya nyeupe hata ukiipa herufi za mita moja haisomeki.

Jaribu hivi sasa hivi: piga gari picha kwa simu kutoka mita 15, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rudi utuambie umeona nini.

Mzee wa Gia
Nimeendesha magari ya watu miaka mingi. Naongezea la nyuma, maana mmelipita haraka.

Ubavu wa gari mtu anauona linapopita. Mlango wa nyuma anakaa nao. Taa nyekundu, foleni, mlima, kivuko cha reli, yuko nyuma yako mita 4 hana pa kuangalia zaidi ya mlango wako. Mimi mwenyewe nimewahi kusoma namba ya fundi wa friji mara nyingi hadi nikaikariri, na friji langu lilikuwa zima. Wewe sehemu hiyo umeweka logo!

Jambo jingine, gari lenye namba ya simu halitukani mtu barabarani. Ukichomekea, aliyechomekewa ana namba yako na ana hasira, na atapiga kabla ya mteja. Mwambie na dereva wako kama unaye.

Spana 14
@Kalamu nimefanya hiyo ya picha. Jina limepotea lote. Nimebaki na wingu la kijivu lenye mapovu, na kivuli cheusi cha herufi kinaonekana kama uchafu uliomwagika. Namba za simu, zile nyeupe zilizoko chini kwenye bluu nzito, ndizo pekee zinazoonekana, ila ni ndogo mno.

Nimenyamaza kimya hapa nje kama dakika tano.

Rula ya Chuma
Ndogo kiasi gani? Kapime, usikisie.

Spana 14
Sentimita 4.

Rula ya Chuma
Haya. Kanuni wanayotumia watu wa mabango ni kwamba kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinampa msomaji mita 3 za kusoma kwa raha. Zaidi ya hapo bado anaweza kusoma, lakini kwa kukodoa macho, na wa barabarani hana sababu ya kukukodolea. Kwa hiyo sentimita 4 zako zinasomeka kwa raha mita 5 hivi, yaani mtu awe amesimama kando ya gari. Ukitaka namba isomwe na mtu wa ng'ambo ya barabara, mita 12, hiyo ni sentimita 10. Neno la kazi lipeleke sentimita 25 au 30 kama ubavu unaruhusu. Vani ubavu unao.

Hiyo ni kwa herufi nene kiasi, zilizonyooka. Mwandiko wa kuunganisha, zidisha mara mbili halafu usiutumie.

Sauti ya Juu
Na yote yawe HERUFI KUBWA. Hakuna mjadala hapo.

Kalamu ya Wino
Mjadala upo. Neno lililoandikwa kwa herufi ndogo lina umbo, kuna zinazopanda na zinazoshuka, na wachoraji wengi tunaamini jicho linalijua kabla halijasoma. Herufi kubwa tupu ni tofali.

Rula ya Chuma
Hapa wote wawili mna historia nyuma yenu. Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kujenga barabara kuu za kasi, Jock Kinneir na Margaret Calvert walichora alama mpya za barabarani kwa herufi ndogo zenye herufi kubwa mwanzoni, kwa hoja hiyo hiyo ya umbo la neno. Bwana mmoja mchonga herufi, David Kindersley, akapinga, akachora za kwake, herufi kubwa tupu. Ikabidi zipimwe. Waliwakalisha watu kwenye jukwaa katika uwanja wa ndege za kijeshi wa Benson, kisha gari likawa linawajia lina mabango ya majina juu ya paa, wanasema ni wapi wameanza kuyasoma.

Matokeo? Za Kindersley ziliongoza, kwa tofauti ndogo sana. Zilizochaguliwa ni za Kinneir na Calvert, na ndizo ziko barabarani hadi leo.

Kwa hiyo mkuu Spana, FUNDI BOMBA kwa herufi kubwa haina shida, ni maneno mawili. Sentensi nzima kwa herufi kubwa ndiyo inachosha. Ila mimi kilichonivutia kwenye kisa hicho ni lile gari. Hawakubishania kwenye karatasi, walisogeza herufi barabarani wakauliza watu. Wewe gari unalo tayari.

Sauti ya Juu
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Rula ya Chuma
Kwa tofauti ndogo sana.

Gundi Kavu
Nimechelewa kuuona uzi huu. Mimi ni mbandikaji, sichori. Mkuu Spana, kingo zimeanza kunyanyuka?

Spana 14
Umejuaje? Kwenye ile mifereji ya ubavuni, na kuzunguka mkono wa mlango. Nilidhani ni maji ya kuoshea.

Gundi Kavu
Maji yanachangia, ila chanzo kipo kwenye stika yenyewe. Vinaili za gari ziko za aina mbili na mteja karibu haambiwi. Ya kwanza hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya roli za moto hadi iwe karatasi. Ile inabaki na mvutano ndani yake, ni kama mpira uliovutwa, miaka yote inataka kurudi ilikotoka. Mara nyingi unene wake ni mikroni 75 hadi 100 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ya pili humiminwa ikiwa majimaji, inakaushwa bila kuvutwa na mtu, inatoka nyembamba, karibu mikroni 50. Haina kinyongo. Ukiibandika kwenye mfereji, ikapashwa moto sawasawa, inakaa.

Ya roli siyo mbaya. Mlango ulionyooka, herufi za kukata, kazi ya miaka michache, inafaa kabisa na bei yake ni rafiki. Kosa ni kuivisha kwenye vani yenye mifereji, ukavuta stika ikazama, ukaondoka. Wiki ya kwanza inapendeza, baadaye inaanza kuinuka taratibu ikijinyoosha. Hata ile ya kumimina, sehemu uliyoivuta lazima uipashe joto la mwisho, mara nyingi karibu nyuzi 100 za Selsiasi kutegemea maelekezo ya mtengenezaji, ili isahau ilikotoka. Wabandikaji wenye haraka huruka hatua hiyo kwa sababu mteja haioni.

Swali la pili: juu ya printi waliweka lamineshini?

Spana 14
Sijui. Nitajuaje?

Gundi Kavu
Tafuta ukingo ulioinuka uutazame kwa pembeni. Kama kuna tabaka la plastiki angavu juu ya ile yenye rangi, ipo. Kama hakuna, jua linakula wino moja kwa moja, na brashi ya kuoshea inamalizia. Njano na nyekundu ndizo huanza kuondoka, ndiyo maana mabango ya zamani yote hugeuka ya kibluu bluu. Boneti huwahi kuliko ubavu kwa sababu inatazama juu.

Na kama walitumia wino wenye kiyeyusho (solvent), printi ilitakiwa kupumzika angalau siku nzima kabla ya kupigwa lamineshini. Ukiifunika mbichi, ile mvuke inashuka kwenye gundi na kuilegeza. Fundi akikwambia "njoo asubuhi, jioni unaondoka nalo", muulize printi imelala wapi.

Sasa la mlango wa kuteleza, maana sijaona mtu kalitaja na ndilo limenifanya niingie kwenye uzi. Kuna vani niliwahi kuletewa niibandike, mchoro umeshapitishwa na mwenye mali, kasaini. Ubavu wa kushoto, mlango wa mbele una logo. Mlango wa kuteleza umeandikwa KAZI MBOVU. Bati la nyuma yake: KWETU MWIKO. Ukiwa umefungwa ni maneno mazuri kabisa. Nikamwita mwenye gari, nikausukuma mlango mbele yake. Ukateleza kurudi nyuma, ukakaa juu ya KWETU MWIKO. Pale tulipo, mbele ya watu, gari linasema KAZI MBOVU, na mlango uko wazi kama tunavyokuwa kila siku tunaposhusha mizigo kwa mteja. Bwana yule alifunga mlango, akaufungua tena, akaufunga, kisha akaniuliza kama tunaweza kubadili leo leo.

Dizaina alikuwa amechora kwenye picha ya gari lililofungwa. Magari hayashindi yamefungwa.

Napita Tu
Nimemwaga chai.

Kalamu ya Wino
Hiyo imetugusa sisi. Nakubali. Wengi wetu tunachukua mchoro wa gari kutoka maktaba ya kompyuta, tunapanga juu yake, tunauza. Mchoro hauonyeshi kitasa kiko wapi, wala kifuniko cha mafuta, wala bawaba, na toleo la mwaka mwingine lina taa tofauti. Kazi inayoeleweka huanza kwa kulipiga picha gari lenyewe kila upande, kamera ikiwa usawa wa katikati ya ubavu na imenyooka, kisha kupima kwa futi ya utepe: urefu wa paneli, kutoka ukingo hadi kitasa, kila kitu. Halafu unapiga picha nyingine milango yote ikiwa wazi.

Na mkuu Spana, dai faili lako, lile la vekta. Herufi na logo zikiwa vekta unaweza kuzikuza hadi ukubwa wa basi bila kupata ngazi ngazi kwenye kingo. Watu huondoka na picha ya simu tu, mwaka unaofuata mlango ukigongwa wanachora upya.

Msimbo
Mmemshambulia vya kutosha, mimi natetea QR yake. Ni njia ya kisasa, mtu anaskani anapata kila kitu, hizo huduma 11 zote zinaingia huko ndani.

Rula ya Chuma
Anaskani akiwa wapi? Kwa kawaida msimbo husomeka kwa umbali wa mara 10 ya upana wake. Wa sentimita 8 unasomwa kutoka sentimita 80, yaani mtu amesogea hadi karibu kugusa gari la mtu asiyemjua, kamera mkononi. Ukitaka mita 3, uwe na upana wa sentimita 30 na ukingo mweupe kuuzunguka. Hilo ni eneo kubwa umelitoa sadaka.

Na wa nyuma yako barabarani sitaki aguse simu kabisa.

Kwa taarifa tu, QR ilibuniwa Japani na Denso Wave mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani.

Msimbo
Gari likiwa limeegeshwa je?

Rula ya Chuma
Hapo nakupa. Mlango wa nyuma, chini kabisa kulia, kwa anayesimama. Isiwe ubavuni inashindana na namba.

Zulia Safi
Kaka Spana habari. Mimi nasafisha mazulia na makochi, gari langu ni dogo kuliko lako na ni la pili kulibandika, kwa hiyo nimepita ulikopita.

Mara ya kwanza nilifunika gari zima kama wewe. Mara ya pili nililiacha jeupe. Rangi ya gari nimeshailipia, kwa nini nilipie tena kuifunika? Nikaweka maneno mawili ya kazi, namba moja, jina dogo chini, na mstari mmoja mnene wa kijani unaopita ubavu hadi nyuma ili gari lisionekane la ofisi ya serikali. Eneo lililobaki tupu ni kubwa kuliko lililoandikwa, na ndilo linalofanya yaliyoandikwa yaonekane. Dizaina wangu alihuzunika kweli, alitaka kuongeza picha ya mwanamke anacheka na mopu.

Katikati hapo, gari la kwanza likiwa gereji, nilikodi lingine nikanunua stika za sumaku. Nikafika, mlango wa nyuma haushiki. Ulikuwa wa plastiki. Aluminiamu nayo haishiki, kwa hiyo chukua kisumaku cha nyumbani ukajaribu kabla hujatengenezesha. Na uzitoe mara kwa mara ufute chini yake pande zote mbili, unyevu na mchanga ukikaa humo rangi inakwisha. Kingo zikiwa zimejikunja upepo unazichukua, sijui yangu moja iko kwa nani sasa hivi.

Ila nililotaka kusema ni hili. Wewe unajuaje simu imetoka kwenye gari? Mimi nilinunua laini ya pekee, namba ile iko kwenye gari tu, haiko kwenye kadi wala mtandaoni. Simu ikiita kwenye laini ile najua.

Mchumi Mkimya
Dada Zulia na laini hiyo bado utasema ni gari? Kazi za ufundi zinakuja kwa kuambiana. Mtu bomba limepasuka usiku anampigia shemeji yake, "unamjua fundi?" Hakumbuki gari lililopita mwezi jana. Mkuu Spana, hiyo pesa ungenunulia vifaa.

Zulia Safi
Kaka Mchumi, shemeji naye namba anaitoa wapi? Laini yangu ikiita, wengi hawasemi "nimeona gari barabarani". Wanasema "nyinyi si mlikuwa nyumba ya jirani yangu?" Gari langu linasomwa zaidi likiwa limesimama nje ya mteja saa tatu nzima kuliko siku nzima likitembea. Jirani anatoka, anaingia, anatoka tena, anasoma. Ndiyo maana sasa naegesha kwa akili, ubavu wenye maandishi utazame njia na mlango wa nyuma usibanwe na ukuta.

Mchumi Mkimya
Hilo la kuegesha sina la kulijibu. La barabarani bado sijashawishika.

Mzee wa Gia
Kabla hajakimbilia kubandika upya: namba ya gari, taa, viakisi mwanga na vioo vya mbele visiguswe na stika. Ile filamu ya vitundu ya kioo cha nyuma, inayoonyesha picha nje na ndani mnaona, mvua ikinyesha vitundu vinajaa maji na dereva haoni vizuri, waulize kama nayo ina tabaka la juu. Nchi nyingi rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili, ukiibadili kwa stika ulizia kama unatakiwa kutoa taarifa. Bima pia waambie, gari la biashara ni gari la biashara.

Spana 14
Wakuu nimerudi. Nimefanya kama wale wa uwanja wa ndege.

Nilichukua karatasi nyeupe za kawaida, nikachapa kila herufi ukurasa mmoja, nyeusi, nene, nikafunika mapovu yote ya upande wa kushoto kwa karatasi kubwa nyeupe na gundi ya utepe. FUNDI BOMBA kwa sentimita 25, namba kwa 12. Kazi ya saa mbili, gari linaonekana kama limetoka hospitali. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikasimama ng'ambo ya barabara na mama mmoja aliyekuwa anasubiri usafiri, nikamwomba msaada wake.

Raundi ya kwanza akasema "fundi bomba" kabla gari halijafika usawa wetu. Namba akapata nne za mwanzo. Raundi ya pili akasema namba nzima, ila akakosea moja, akasema 3 palipo na 8. Nikamwambia ni 8. Akasema haiwezekani, yeye ameona 3. Tukabishana pale, mdogo wangu akalirudisha gari taratibu, nikaona: mkono wa mlango wa mbele umekaa juu ya nusu ya kushoto ya ile 8. Ukisimama nao uso kwa uso ni 8. Ukisimama mita 12 ni 3 safi kabisa.

Nikaenda upande wa pili kutazama ile ya zamani, iliyobandikwa kitaalamu. Namba ya pili kati ya zile tatu, ni hivyo hivyo. Miezi minne nimekuwa nikitangaza simu ya mtu mwingine.

Kalamu ya Wino
Aisee.

Shusha namba chini ya usawa wa kitasa, au ikate vipande uipitishe: tatu, tatu, na zinazobaki, nafasi kati ya vipande iangukie kwenye kitasa na kwenye mwanya wa mlango. Vipande pia vinamsaidia mtu kukariri, tarakimu kumi zikifuatana bila nafasi hazikaririki. Na chagua mchoro wa tarakimu ambao 1 na 7 hazifanani.

Rula ya Chuma
Yule mama alisema lolote kuhusu jina la biashara?

Spana 14
Sikuliweka kwenye jaribio. Nilimuuliza mwisho, "unadhani fundi huyu anaitwaje?" Akasema "si Fundi Bomba?" Nimeamua jina la binti liende nyuma juu ya namba, sentimita 8, hapo mtu ana muda. Orodha nimeifuta yote. Picha hakuna. Namba moja, laini mpya kama alivyofanya dada Zulia. QR ndogo... hapana, QR ya sentimita 20 mlango wa nyuma chini, nimempa Msimbo ushindi wake.

@Gundi Kavu kuna jambo. Jana nilianza kuitoa ya zamani kwenye kona moja, nikavuta kwa nguvu, plastiki imetoka imeacha gundi yote kwenye bati, sasa inashika vumbi. Naitoaje bila kuharibu rangi? Nina petroli hapa.

Gundi Kavu
Weka petroli chini, mkuu. Na wembe pia, najua unao.

Pasha stika joto kwanza hadi iwe laini na vuguvugu kwenye kiganja, isiwe ya kuunguza, kisha vuta polepole, ikunje irudi yenyewe karibu na bati, usiivute kuja kwako. Ukivuta polepole gundi inafuata plastiki. Ukivuta kwa hasira inabaki. Iliyobaki tumia kiondoa gundi cha dukani kinachofaa kwa rangi ya gari, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, acha dakika chache iloweke, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki. Lile bati liliwahi kupakwa rangi upya?

Spana 14
Mlango wa kuteleza ndiyo, baada ya kugongwa.

Gundi Kavu
Huo usiuguse peke yako. Rangi ya kupakwa upya mara nyingine inang'oka na stika. Niletee au mpelekee mwingine anayejua, autoe taratibu. Ukishapaka upya popote, subiri wiki tatu au zaidi kabla ya kubandika, rangi mbichi inatoa mvuke na stika itavimba mapovu.

Napita Tu
Mapovu yatarudi yenyewe bila dizaina.

Spana 14
Sawa kaka. Jumamosi naanza na mlango wa nyuma, wenyewe ni rangi ya kiwandani. Nikimaliza naweka picha hapa, ya rangi na ile ya nyeusi na nyeupe, milango ikiwa wazi.